Kushoto na Kulia katika Daftari la Wilondja

Ukitaka kumwona mzee Wilondja anachangamka, mwulize habari za Bunge la Uingereza. Si za Kongo. Za Kongo atakwambia, "Acha, tule kwanza." Wala si za Australia, nchi iliyompa pasipoti na nyumba ya kupanga pale St Marys, Sydney, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni. Za Uingereza! Nchi ambayo hajaikanyaga hata kwa bahati mbaya. Mtajie tu Wahafidhina na chama cha Leba, basi umekwisha. Chai yako itapoa na watoto wako watasinzia kwenye kochi lake, nawe bado unaelezwa kwa nini huyu huitwa wa kushoto na yule wa kulia.

Watu walimcheka, tusidanganyane. Kanisani walimbandika jina la Mbunge. Kule ghalani alikokuwa akipanga vifurushi, Muema, Mkamba wa Machakos aliyesimama naye kwenye mkanda mmoja kwa miaka sita, alimchokoza kila asubuhi. "Mwalimu, leo mimi niko kushoto ama kulia?" Na Wilondja, kizibao cha rangi ya machungwa mwilini na skana mkononi, humjibu bila kutabasamu, "Inategemea, Muema. Unataka mkate ugawanywe, au unataka tanuri libaki kama baba alivyoliacha?" Hapo Muema hupiga makofi na kucheka mpaka msimamizi ageuke. "Aki huyu mzee atanimaliza!" Ndiyo maana wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muema hakujua mzee alikuwa amebeba nini.

Maana Wilondja hakuzaliwa kupanga vifurushi. Alikuwa mwalimu, tena si wa kubahatisha. Miaka minane alifundisha historia na uraia mjini Uvira, kisha kumi na sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania. Vita vilipomtoa Uvira mwaka 1996, alitoka na mkewe Honorine, sufuria moja, na daftari. Nguo alizisahau, vyeti alivisahau, lakini daftari alilifunga kwenye nailoni na kulitia ndani ya shati. Honorine alimtania kwa jambo hilo mpaka siku ya kufa kwake. "Mwenzangu alikimbia vita na Waingereza kifuani."

Lilikuwa daftari la karatasi za miraba, jalada la bluu, na ndani yake mlikuwa na masomo ya Mwalimu Nduwimana, yaliyoandikwa kwa imla mwaka 1983, Wilondja akiwa na miaka kumi na minane. Shule za kwao zilikuwa hivyo. Vitabu hakuna, mwalimu ndiye kitabu. Mwalimu anasimama anasema, wewe unaandika neno kwa neno, nukta na mkato, na ukibadilisha hata neno moja dogo unakatwa alama. Siku ya mtihani unarudisha ulichopewa kama ulivyopewa. Kuyarudisha maneno ya mwalimu bila kuyachezea ndiyo ilikuwa heshima, ndiyo akili, ndiyo kufaulu kwenyewe.

Huyo Nduwimana alikuwa Mrundi, mrefu, mwenye mashati mawili tu, yote meupe. Siku ya kwanza ya somo la vyama vya Uingereza aliokota kipande cha tofali, akainama, akachora mistari miwili myekundu sakafuni. "Mistari hii imo kwenye zulia la bunge lao," akasema. "Husemwa kwamba imeachana kwa urefu wa panga mbili, ili wa huku asimfikie wa kule. Watatukanana tangu asubuhi, lakini hakuna anayeuvuka mstari ili apigane. Na mbunge akichoshwa na chama chake, anaweza kuinuka, akavuka, akakaa upande wa pili. Anavuka mzima. Jioni anakwenda kwake kula."

Vijana wa darasa lile hawakuwa wamewahi kusikia nchi ambayo mtu hubadilisha upande kisha akala chakula cha jioni. Wilondja aliyameza maneno hayo, na hayakumtoka tena.

Akawa mwalimu kwa sababu ya Nduwimana, akarudi kufundisha shule ile ile, chumba cha jirani. Na ilikuwa katika chumba hicho, mwaka ule wa vita, alipowasikia watu wenye bunduki wakiingia kwa mwalimu wake na kumwuliza, "Wewe uko upande gani?" Swali alilisikia vizuri kupitia ukutani. Jibu hakulisikia. Nduwimana alitolewa nje na shati lake jeupe, na hakuna aliyemwona tena.

Kwa hiyo Wilondja alipoanza kufundisha kambini, alichukua kipande cha tofali na kuchora mistari ile. Kisha akaongeza jambo lake. Aliyapanga mabenchi yatazamane, huku serikali, kule upinzani, na kila Ijumaa watoto walipiga kura kwa maharagwe. Upande ukishindwa, Wilondja anapiga kelele, "Hameni!" Watoto wanainuka, wanapishana katikati ya mistari, wanabadilishana mabenchi. Mle mlikuwa na watoto ambao baba zao walifukuzana kwa mapanga. Walipishana bega kwa bega, wakicheka, wakasukumana kidogo kama watoto, wakakaa. Nduwimana hakuwahi kufanya hivyo. Lakini Wilondja mwenyewe aliona huo ni mchezo tu wa kuchangamsha darasa, wala hakuuandika daftarini. Darasa lenyewe, kwake, lilikuwa yale maneno.

Mlangoni, siku nyingi za Ijumaa, alisimama binti yake mdogo, Gloire, kidole mdomoni, akitazama.

Basi. Wakaja Sydney mwaka 2013, Gloire akiwa na miaka minane. Ualimu haukupatikana, likapatikana ghala. Miaka mitatu iliyopita Honorine akafariki hospitalini Westmead, na nyumba ikabaki na watu wawili wasiojua kuzungumza bila yeye. Wilondja alisema Kiswahili, Gloire akajibu Kiingereza, kifupi, na mlango wa chumba ukafungwa. Hakuwa mtoto mbaya, msimfikirie vibaya. Alimjazia baba yake fomu zote, akampangia miadi ya daktari, akamfundisha simu mara ishirini bila kukasirika. Lakini mkono mtupu haulambwi, na Wilondja alijiona kila siku ana mkono mtupu mbele ya mtoto wake mwenyewe. Hakuwa na kitu ambacho Gloire alikihitaji, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Gloire alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu pale Parramatta, na alitaka kuhamia sheria. Ili ahamie, ilimpasa apate alama nzuri katika kila somo, bila doa. Jumapili moja baada ya kanisa, Wilondja akiwa bado hajavua tai, Gloire alitoka chumbani na kompyuta yake mkononi.

"Papa," akasema, tena kwa Kiswahili, "ile mambo ya kushoto na kulia ya Uingereza, wewe unaijua, si ndiyo?"

Wilondja aliweka kikombe mezani polepole asije akakiangusha. "Kwa nini?"

"Niko na insha. Tufafanue maana ya kushoto na kulia katika vyama vya Uingereza. Nimesoma, nimesoma, naona kila mtu anasema yake."

Ee Mungu wa Honorine! Mzee alikwenda chumbani karibu anakimbia. Akarudi na daftari la bluu, akalifungua nailoni, ingawa hakulihitaji kwa sababu yote yalikuwa kichwani. Akasimama. Hakuweza kufundisha ameketi. "Andika," akasema.

Jumapili tatu mfululizo alimpa imla. Yeye alisema Kifaransa, kama alivyopewa, na Gloire, aliyeanza shule kwa Kifaransa kule kambini, akaandika Kiingereza. Alianza na bunge la Ufaransa la wakati wa mapinduzi, ambapo waliomtaka mfalme abaki na nguvu zake walikaa kuliani mwa mwenyekiti na waliotaka mabadiliko wakakaa kushotoni, na majina yakasafiri dunia nzima. Akamwonya kwamba bungeni Uingereza viti havisemi hivyo. Kuliani mwa Spika hukaa serikali, iwe ya Leba au ya Wahafidhina, na upinzani hukaa kushotoni, kwa hiyo kiti si imani. Kisha akafika mahali alipopapenda kuliko pote.

"Andika. Ndugu wawili wamerithi duka la mikate lenye matanuri mawili. Mkubwa anasema, tuyaache matanuri kama baba alivyoyajenga, maana mkate umetoka vizuri mpaka leo, na anayetaka zaidi na afanye kazi zaidi. Mdogo anasema, wanaokanda unga nao wana haki katika mkate, tubomoe tanuri moja tujenge kubwa, na faida igawanywe. Mkubwa ni wa kulia, mdogo ni wa kushoto. Lakini hakuna kati yao anayechukia mkate."

Gloire aliacha kuandika. "Hiyo ni nzuri sana, Papa," akasema. Macho yake yalikuwa yanamtazama kweli, si kupitia kwake. "Hakuna anayechukia mkate. Nani alisema?"

"Mwalimu wangu. Kichwa chake kilikuwa hivyo."

"Basi nitaweka jina lako kwenye marejeo. Inaruhusiwa, mazungumzo na mtu. Na yeye pia."

Na hapa ndipo alipokosea, tena alikosea kwa adabu. "Hapana," akasema. "Maarifa hayana mwenyewe, mtoto wangu. Mimi niliandika wapi jina la Nduwimana? Tukiweka majina, watasema mtoto ameandikiwa na baba yake. Acha waione akili yako." Alisema hivyo kwa unyenyekevu kabisa, huku moyoni akitamani jina lake liwepo. Gloire alisita. Kisha akatii, kwa sababu katika miaka yote ile baba yake alikuwa hajawahi kumwomba jambo.

Wiki mbili baada ya insha kupelekwa, Wilondja alirudi kutoka kazini akamkuta binti yake amesimama jikoni, hajawasha hata taa ya jiko.

"Papa, wanasema nimeiba."

"Umeiba nini?"

"Maneno. Kuna kitabu, wanasema nimekinakili sura nzima. Wananiita kwenye kikao. Nikishindwa, ninaanguka somo na inaandikwa kwenye rekodi yangu. Sheria ndiyo basi tena." Sauti ilianza kumpasuka. "Kitabu gani, Papa? Daftari limetoka kwenye kitabu gani?"

"Hakuna kitabu!" Wilondja aling'aka. "Ni maneno ya Nduwimana. Kitabu chao ndicho kimeiba!" Aliapa kwa jina la mama yake. Alisema kweli, kadiri alivyoijua kweli.

Kikao kilikuwa siku ya Jumatano Parramatta, ghorofa ya tano. Wilondja aliomba ruhusa kazini, akavaa suti aliyomzikia Honorine. Mwanafunzi aliruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kumtia moyo, lakini mtu huyo haruhusiwi kusema. Walimweleza hivyo mlangoni, naye akaitikia kwa kichwa, daftari la bluu likiwa magotini.

Walikuwa wawili mbele yao. Mwenyekiti, mwanamume mwenye miwani aliyekuwa na haraka, na mhadhiri wa somo, Daktari Hargreave, mama wa miaka sitini na kitu, Mwingereza kwa kuzaliwa. Huyu hakuwa na sura ya hasira. Alikuwa na sura ya mtu anayeumwa na jino. Mbele yake palikuwa na kitabu chembamba cha jalada la kijani, kimechakaa.

"Kitabu hiki hakichapishwi tena tangu zamani," akasema. "Mimi nilikisoma shuleni kwetu Lancashire nikiwa msichana, ndiyo maana nilikitambua." Akakifungua, akasoma. Ndugu wawili. Duka la mikate. Matanuri mawili. Wilondja alisikia Kiingereza kikitembea mbele na yeye akiwa tayari amefika mwisho wa kila sentensi. Hakuna kati yao anayechukia mkate, akasoma yule mama. Hata hilo. Hata hilo, ambalo Nduwimana alilisema akimtazama yeye machoni, kana kwamba limemjia wakati ule ule.

"Kuna jambo jingine," mhadhiri akaendelea. "Gloire ameandika kwamba wachimba makaa ya mawe ndio uti wa mgongo wa Leba. Ameandika kama ni habari ya leo. Machimbo yale yalifungwa. Mwaka 2019 miji kadhaa ya wachimbaji ilichagua Wahafidhina. Suala la kujitoa Ulaya limeikata ile mistari ya zamani katikati, kuna maskini wako kulia na matajiri wako kushoto. Msichana wa miaka ishirini hawezi kuiona Uingereza hivi. Mtu anaiona hivi akiwa ananakili kitabu cha mwaka 1962."

"Sikunakili," Gloire akasema. "Sijawahi kukiona hicho kitabu. Baba yangu aliniambia yote, kwa kichwa. Na yeye aliambiwa na mwalimu wake."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nakuelewa. Lakini sisi tutajuaje?"

Gloire aligeuka akamtazama baba yake. Hakumtazama kwa chuki, afadhali ingekuwa chuki. Alikuwa anamwuliza kama alijua.

Wilondja akasimama.

"Bwana, huruhusiwi..." mwenyekiti akaanza. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuanza, pale pale mhadhiri alipokomea, kwa Kifaransa, kwa sauti ya darasani, mikono nyuma. Alisema aya iliyofuata, ambayo haikuwamo kwenye insha. Gloire alielewa upesi, akaanza kuitafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Daktari Hargreave akaweka kidole juu ya ukurasa. Kidole kikaenda. Kikafika chini. Akafunua ukurasa.

Waliberali walivyokuwa wa kushoto mpaka Leba ilipozaliwa ikawasukuma katikati. Reli na hospitali mikononi mwa serikali. Kwa nini Mhafidhina anaweza kujenga nyumba za maskini na bado akawa Mhafidhina. Mistari miwili ya zulia na panga mbili. Yote yalikuwamo mle, kwa mpangilio ule ule, na kidole cha yule mama hakikusimama mahali. Wilondja alikiona. Alijua kila sentensi inayofuatwa na kidole itamwokoa mtoto wake. Na alijua pia, sasa, kwamba mahali fulani kwenye droo ya meza kule Uvira palikuwa na kitabu hiki kwa Kifaransa, na Nduwimana alikuwa akikisoma kila Jumapili jioni kwa siri kisha akija nacho kichwani. Miaka ishirini na minne Wilondja alikuwa amefundisha kitabu cha mtu mwingine akidhani anafundisha akili ya mwalimu wake. Alihisi aibu inampanda kutoka miguuni. Lakini hakunyamaza.

"Inatosha, bwana," mwenyekiti akasema taratibu. "Tumeelewa."

Wilondja alimaliza aya. Imla haikatwi katikati. Kisha akaketi.

Wakatolewa nje dakika kumi, wakaitwa ndani. Uamuzi ulikuwa kwamba Gloire hakudanganya kwa makusudi. Hakuna rekodi. Ataandika insha upya ndani ya wiki mbili, kwa maneno yake, kila chanzo kikitajwa. Njia ya sheria ilibaki wazi. Gloire alilia, akamkumbatia baba yake, na baba yake akampigapiga mgongoni kama mtu anayezima moto wa mtu mwingine.

Ukumbini Daktari Hargreave aliwafuata. Alitaka kusema neno jema, maskini. "Mimi Mwingereza, nilifundishwa kitabu hiki, na nimesahau karibu chote," akamwambia Wilondja. "Wewe umekihifadhi kizima." Gloire akatafsiri. Wilondja akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Lilikuwa neno jema, na lilimchoma mpaka kwenye mfupa.

Kwenye treni walikaa upande mmoja, wakitazama nyuma za nyumba zikipita. Walipoondoka Westmead, Gloire, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alimgeukia. Alisema kwa Kiswahili, ili kumfurahisha.

"Lakini wewe mwenyewe, Papa? Wewe uko upande gani?"

"Usiniulize hivyo!" Sauti ilitoka kubwa, behewa zima likageuka. "Usiniulize hivyo tena maishani mwako!"

Gloire akajikunyata kwenye dirisha. Hakujua kosa lake, na angejuaje? Kituo kimoja kabla ya kwao, Wilondja, akitazama mikono yake, alimweleza. Kuhusu chumba cha jirani, na ukuta, na shati jeupe. "Walimwuliza maneno hayo hayo," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshika chaki. Sikutoka." Gloire alimshika mkono wa koti, na aliushika mpaka walipofika nyumbani.

Lakini lile swali lilibaki. Kesho yake ghalani, Muema alileta utani wake wa kila siku, kushoto ama kulia, Mwalimu?

"Sijui, Muema," Wilondja akajibu, akisukuma kifurushi. "Sikuwahi kujua."

Muema alisubiri mkate na tanuri. Havikuja. Akacheka nusu, akaacha. "Mzee, uko sawa kweli?" Mzee akavuta kifurushi kingine, na tangu siku ile Muema hakumwuliza tena.

Wilondja alinunua daftari jipya kwenye maduka ya St Marys. Alikaa nalo mezani siku tatu baada ya kazi, akitaka kuandika lake yeye, analofikiri yeye, kuhusu nani ashike nini na nani apewe nini duniani. Alikuwa amekula mgawo wa unga kambini na alikuwa amelipa kodi Australia. Bila shaka mtu kama huyo ana la kusema. Lakini kila alichoandika kilitoka kwa sauti ya mtu mwingine, na kwenye mstari wa tatu waliingia ndugu wawili na duka lao. Alizichana karatasi zile ndogo ndogo, akazitia kwenye pipa, akazifunika na maganda ya ndizi. Kumbe mtu anaweza kuibiwa na asijue mpaka siku ya kurudishiwa mfuko mtupu.

Gloire aliandika peke yake, mlango umefungwa. Hakumwomba baba yake chochote, naye hakuthubutu kujitolea. Jumapili ya pili, baada ya kanisa, alitoka na karatasi zilizochapwa.

"Soma, Papa. Nitakusaidia Kiingereza."

Wilondja alitoa kalamu nyekundu mfukoni, kwa mazoea tu, akavaa miwani. Akaanza.

Katika kambi ya wakimbizi, mwalimu mmoja alichora mistari miwili sakafuni kwa kipande cha tofali. Ndivyo ilivyoanza. Kila Ijumaa watoto walipiga kura kwa maharagwe. Kisha mwalimu alipiga kelele, Hameni, na waliotawala wakahamia kule walikotoka wapinzani wao, na wote wakafika salama. Kabla hatujauliza kushoto ni nini na kulia ni nini, Gloire alikuwa ameandika, tuulize kwanza kama mtu anaweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili na akabaki hai, kwa maana mahali asipoweza, maneno haya hayana maana yoyote. Ndipo akaenda kwa Uingereza, na kile kitabu cha kijani akakitaja kwa jina na mwaka, na machimbo yaliyofungwa, na miji iliyohama.

Mzee alisoma mara mbili. "Uliyaona haya?"

"Nilikuwa nasimama mlangoni."

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huyu mwalimu mmoja. Hana jina?"

Gloire akaona haya. "Wewe ulisema maarifa hayana mwenyewe. Nilitaka kuweka, nikaogopa utakasirika." Akavuta kompyuta karibu. "Niweke sasa? Bado sijaituma."

Wilondja alifungua kalamu yake nyekundu. Kisha akaandika juu ya yale maneno mawili, kwa herufi za ubao, zile zinazosomeka kutoka benchi la mwisho: Nduwimana.

"Uvira," akasema. "Elfu moja mia tisa themanini na tatu. Aandikwe mahali, angalau mara moja."

"Sawa, huyu ni wa mistari. Lakini mabenchi, Papa? Hameni? Hiyo ilikuwa yako. Mimi nilikuona."

"Yake pia," akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Yote ni yake. Mimi nilikuwa nanukuu tu."

Uongo mtupu! Nduwimana hakuhamisha benchi hata moja maishani mwake. Katika miaka ishirini na minne ya ualimu, lile ndilo jambo ambalo Wilondja alilitoa kichwani mwake mwenyewe, na mzee wa watu alikuwa amekwisha kuacha kuamini kwamba kichwa hicho kinaweza kutoa kitu. Gloire alimtazama, akataka kubisha, akaona macho yake, akaacha. Akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno.